Ukiteleza kwenye ngazi za mwenye nyumba, nani alipe?

Baridi imeanza kung'ata tena, na wiki hii simu yangu haikupumzika. Wengi mmenipigia kwa jambo moja: dada yetu aliyeteleza kwenye ngazi za nyumba anayopanga hapa Reading akavunjika kifundo cha mkono. Habari ilifika Dar kabla hajafungwa hogo, na ilipofika ilikuwa imeshaota mapembe. Mjomba ananiuliza kama ni kweli sasa dada atakuwa milionea. Shangazi naye anasema nimkanye, asije akamfikisha mahakamani mtu wa kwetu, maana mwenye nyumba ni Mtanzania mwenzetu.

Nimeona niandike mara moja niwajibu wote, kwa sababu nadhani mjomba na shangazi wote wawili hawajalipata vizuri. Msimamo wangu nausema mapema kabisa: dada ana haki ya kudai, na adai, na asione haya. Lakini haki hiyo haikuja kwa sababu alianguka. Ilikuja kwa sababu mwenye nyumba alishaambiwa.

Ngoja niwaeleze nyumba yenyewe, maana wengine mkisikia nyumba ya Uingereza mnaona ghorofa la kwenye sinema. Ni nyumba ya zamani ya matofali mekundu, vyumba vitano, kila chumba na mtu wake, jiko moja na choo kimoja. Kwa lugha rahisi ni kama zile nyumba zetu za kupanga za Manzese, tofauti ni kwamba huku ua uko nyuma na unashuka ngazi nne kwenda kwenye mapipa ya taka na njia ya kutokea barabarani. Mwenye nyumba haishi humo. Zile ngazi hazipati jua, kwa hiyo zimeota ukoga wa kijani, na ukichanganya na mvua ya huku isiyokwisha, ni sabuni tupu. Mkono wa ngazi, yaani lile bomba la kushikia, uling'oka upande mmoja. Taa ya nje ilikufa tangu kiangazi.

Mwezi wa tisa dada alimpigia picha zote tatu, akamtumia mwenye nyumba na maneno: kaka, ngazi za nyuma zinateleza, taa haiwaki, na hili bomba limelegea, tunaomba utuangalizie. Akajibiwa: sawa dada, nitaleta fundi inshallah. Fundi hakuja. Mwezi uliopita dada alikuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi zamu, giza totoro, akashika bomba, bomba likamfuata.

Hiyo ndiyo kesi yote. Haina mbwembwe.

Sasa turudi kwa mjomba na milioni zake. Namwelewa alikoitoa. Miaka ile ya 2000 televisheni za huku zilijaa matangazo ya mawakili wa ajali: umeanguka? si kosa lako? tupigie, usiposhinda hulipi. Waliokuja likizo huko Bongo wakasimulia, hadithi ikakua, mpaka watu wakaamini kwamba Ulaya ukijikwaa unafungua duka. Haiko hivyo hata kidogo. Mahakama za hapa hazilipi mtu kwa kuanguka. Watu wanaanguka kila siku, wengine kwa viatu vyao wenyewe, wengine kwa bia, na hakuna anayewalipa. Anayedai lazima aonyeshe kwamba kulikuwa na ubovu ambao ulikuwa ni kazi ya mwenye nyumba kuurekebisha, kwamba aliujua au alipaswa kuujua, kwamba alikuwa na muda wa kutosha na hakufanya kitu, na kwamba ubovu huo ndio uliomwangusha. Kimoja kikikosekana, unarudi nyumbani na hogo lako.

Iko kesi moja mashuhuri huku, nawapa muone ilivyo ngumu. Bwana Edwards alikuwa amepanga fleti kwa Bwana Kumarasamy. Tarehe 1 Julai 2010 alikuwa anapeleka taka kwenye mapipa ya pamoja, akajikwaa kwenye jiwe la njia lililoinuka, akaumia mkono na goti. Jaji wa kwanza akampa fidia ya pauni 3,750. Mwenye nyumba akakata rufaa akashinda, mpangaji akakata rufaa ya juu akashinda yeye, na mwisho kesi ikafika Mahakama ya Juu kabisa ya Uingereza, ambayo mwezi Julai 2016 ilisema mwenye nyumba hadaiwi. Sababu? Bwana Kumarasamy alimiliki fleti tu, njia haikuwa yake, na sheria haikuihesabu njia ile kuwa sehemu ya jengo. Halafu, na hapa mjomba nisikilize, hakuna aliyemwambia kwamba lile jiwe limeinuka. Mahakama ikaona anayepita pale kila siku ni mpangaji, kwa hiyo yeye ndiye wa kutoa taarifa.

Miaka sita tangu ajali mpaka hukumu ya mwisho kwa pauni 3,750, tena akatoka mikono mitupu. Milionea gani huyo?

Mimi binafsi hukumu ile hainifurahishi yote. Ni kweli mpangaji ndiye anayepita, lakini kuna wenye nyumba ambao toka wakabidhi funguo hawajatia mguu tena, kodi inaingia benki yenyewe kila tarehe 1, halafu siku ya ajali wanasema hatukujua. Kutojua nako kunaweza kuwa kwa makusudi. Lakini ndiyo sheria, na anayeishi huku aijue: mwenye nyumba asiyeambiwa ana pa kujifichia. Mwaka 1973 mahakama ya juu ya wakati ule ilishasema hivyo hivyo kwa mpangaji aliyeangukiwa na dari. Dari lilikuwa na ubovu uliojificha, hakuna aliyeujua, basi hakuna aliyelipa.

Kwa dada yetu mambo ni tofauti, na ndiyo maana nasema adai. Nyumba nzima ni ya yule bwana, pamoja na ngazi na ua. Vyumba amevipangisha, lakini ngazi, korido na ua vinavyotumiwa na wote vimebaki mikononi mwake, na Sheria ya mwaka 1957 inamtaka ahakikishe anayepita hapo yuko salama kwa kiasi cha busara. Nyumba za namna hii, zenye watu watatu au zaidi wasio familia moja wanaotumia jiko na choo pamoja, zina kanuni zake za mwaka 2006 hapa England. Kanuni hizo hazikuacha mambo hewani. Zinataja mikono ya ngazi kwamba iwe imara, zinataja taa za sehemu za pamoja, zinataja hata ua kwamba utunzwe na uwe safi. Ukisoma utadhani aliyeziandika alisimama kwenye zile ngazi za dada. Na kubwa kuliko yote, ile picha ya mwezi wa tisa na jibu lake la inshallah bado viko kwenye simu. Hawezi kusema hakujua.

Haikuwa hivi tangu zamani, msidhani Wazungu walizaliwa na haki za wapangaji. Mwaka 1863 jaji mmoja wa Kiingereza alisema bila aibu kwamba hakuna sheria inayomkataza mtu kupangisha nyumba inayotaka kuanguka, ilimradi hajadanganya. Mwaka 1906 ikaja kesi ya Cavalier na Pope. Sakafu ya jiko ilikuwa mbovu, mwenye nyumba kupitia wakala wake akaahidi kuitengeneza, hakuitengeneza, mke wa mpangaji akaanguka akaumia. Wakubwa wa House of Lords wakasema yule mama hana lake, kwa sababu mkataba ulikuwa kati ya mwenye nyumba na mumewe. Hebu fikirini! Anayeshinda jikoni ni yeye, anayejua ubao upi umeoza ni yeye, lakini kisheria alikuwa kama mpita njia. Ilibidi Bunge liingilie kidogo kidogo. Sheria ya mwaka 1972 ndiyo iliyosema kwamba mwenye nyumba mwenye wajibu wa kukarabati anawajibika kwa kila mtu anayetarajiwa kuwepo pale, awe mke, mtoto au mgeni aliyekuja kula pilau. Sheria ya 1985 ikamkabidhi paa, kuta, mabomba na umeme hata kama mkataba umeandikwa vingine, kwa mikataba ya chini ya miaka saba. Na sheria iliyoanza kufanya kazi Machi 2019 inamtaka ahakikishe nyumba inafaa kukaliwa na binadamu, kuanzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Katika orodha ya hatari 29 za nyumba walizoanza kuzitumia kupima mwaka 2006, nne ni za kuanguka tu: bafuni, sakafuni, kwenye ngazi, na kutoka juu kwenda chini. Ni watu waliokaa wakahesabu.

Sasa shangazi. Shangazi yangu nakuheshimu na shikamoo zako zote nakupa, lakini hapa tutabishana kidogo.

Unasema ni mtu wa kwetu, yamalizwe nyumbani. Ni neno zuri, na mimi mwenyewe nimeona mengi yakimalizwa hivyo huku, hata ya ndoa. Lakini hebu tuangalie huo undugu ulikuwa wapi mwezi wa tisa. Dada hakumwandikia kwa ukali. Alimwita kaka. Alisema tunaomba. Kama undugu ni kusubiriana, yeye alishasubiri. Kama ni kuchukuliana, alishachukuliana miezi miwili akishuka gizani. Nilichokiona huku, na nasema kwa uchungu, ni kwamba neno undugu linaitwa siku mpangaji anapodai, lakini siku ya kodi haliitwi. Hakuna aliyewahi kupunguziwa pauni kumi kwa sababu ya undugu. Ukichelewa siku tatu unapata ujumbe saa mbili asubuhi.

Halafu kuna jambo ambalo nyumbani hamlijui, na likijulikana nusu ya ugomvi inaisha. Anayelipa mara nyingi si yule bwana kutoka mfukoni mwake. Ni bima. Wenye nyumba wengi wa huku wana bima ya nyumba ya kupangisha, na kwa kawaida ndani yake kuna kipengele cha kulipa mtu aliyeumia kwa sababu ya nyumba hiyo. Ameilipia kila mwaka kwa ajili ya siku kama hii. Wakili anaandika barua, barua inakwenda kwa bima, bima inatuma watu wake kupima ukweli, na kesi nyingi za namna hii huishia kwenye barua bila mtu kusimama mbele ya jaji. Kwa hiyo picha mliyonayo ya dada kumfunga pingu mtu wa kwetu iondoeni. Hii ni kesi ya madai, si ya jinai. Hakuna anayekwenda jela.

Na kama hana bima? Basi alikuwa anafanya biashara ya watu watano ndani ya nyumba moja bila kinga, na hilo pia si la dada kulibeba.

Mzee mmoja anayeheshimika hapa alipendekeza dada apewe pauni mia mbili, wasomewe dua, mambo yaishe. Pauni mia mbili! Dada anafanya kazi ya kulea wazee kwa mkataba usio na saa za uhakika. Kazi ile ni ya mikono miwili: kumgeuza mzee kitandani, kumwinua, kumwogesha. Kwa mkono mmoja huitwi kazini, na usipoitwa hulipwi ujira wako wa kawaida. Kodi ya chumba inaendelea, kwa mwenye nyumba yule yule. Hela ya shule ya watoto Tanga inaendelea. Hesabu ya haki inaanzia hapo, kwenye mishahara iliyopotea, ndipo yaongezwe maumivu. Wala si kwamba atapata yote mkononi. Tangu sheria zilipobadilika Aprili 2013, wakili wa usiposhinda hulipi anaweza kukata sehemu ya fidia yako, mpaka asilimia 25 ya baadhi ya mafungu. Kwa hiyo mjomba, usianze kuchora ramani ya duka.

Wapo pia wanaotuharibia jina, tuseme ukweli. Wanaojiangusha, wanaoongeza maumivu, anayechechemea kwa daktari na Jumamosi yuko uwanjani anacheza mpira. Sheria ya mwaka 2015 imewakalia: mahakama ikigundua umedanganya katika jambo la msingi, inatupa dai lako lote, hata ile sehemu iliyokuwa ya kweli. Na hata mkweli, kama naye alichangia kwa uzembe wake, anakatwa kwa kiasi hicho. Dada ataulizwa viatu gani alivaa. Ataulizwa kwa nini hakupitia mlango wa mbele. Majibu anayo, lakini ataulizwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watu wetu wengi huku hawafiki hata kwenye hatua ya kuandika ule ujumbe wa mwezi wa tisa. Wanaogopa. Wanasema ukilalamika utafukuzwa, ukidai utaharibiwa makaratasi. Kuhusu kufukuzwa, kwa miaka mingi hofu ilikuwa na msingi, maana England mwenye nyumba aliweza kukupa notisi ya miezi miwili bila kutaja sababu yoyote. Mwaka 2015 walijaribu kuzuia notisi za kisasi, ila kinga ile ilitegemea halmashauri ya mji iingilie kati kwanza. Sheria iliyopitishwa Oktoba 2025 ndiyo inayoung'oa utaratibu wenyewe, kuanzia tarehe 1 Mei 2026. Kuhusu makaratasi, kudai fidia si kosa, na haimwekei mtu alama yoyote ya uhalifu. Lakini hofu ina masikio magumu. Najua jamaa aliyeishi na ngazi yenye zulia lililochanika miaka miwili, kila akishuka anahesabu: moja, mbili, ruka ya tatu. Alifundisha mpaka wageni. Hakuandika hata neno moja. Angeanguka yeye, mwenye nyumba angesema sikuambiwa, na kwa ile hukumu ya 2016 nadhani mnaona angekuwa amesimama wapi.

Na muda nao haukusubiri. Ni miaka mitatu tu tangu siku ya ajali kufungua dai la kuumia. Nimeona mtu akingoja mpaka aguswe na huruma ya mwenye nyumba, miaka minne ikapita.

Sasa nigeuze macho huko nyumbani kidogo, kwa sababu wenzangu wengi wa huku, tunaobeba boksi, ni wapangaji Uingereza lakini ni wenye nyumba Mbagala, Tabata na Mwanza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 huko Tanzania inahesabu kwamba katika kila pango, hata kama hamkuandika, mwenye nyumba anayepangisha sehemu ya jengo atatunza paa, kuta kubwa, mifereji na njia za pamoja, na kwamba chumba cha kuishi kitafaa kukaliwa na binadamu muda wote wa pango. Kenya nao wanayo ya mwaka 2012 inayofanana sana. Ni wangapi wamewahi kuitaja wakati wa kusaini na dalali? Tunataja kodi ya miezi sita mbele, basi.

Nyumba zetu za kupanga zinaangusha watu kila masika na tunaita bahati mbaya. Kibaraza kina marumaru zinazong'aa kwa sababu sisi wa huku tulizichagua kwenye picha, zilipendeza. Fundi hakuulizwa mvua ikinyesha itakuwaje. Shimo la maji machafu limefunikwa ubao. Ngazi za kupanda juu hazina pa kushika kwa sababu hela iliisha na ghorofa likahamiwa hivyo hivyo. Mama anapita pale na ndoo ya maji kichwani na mtoto mgongoni. Akianguka, majirani watachangishana hela ya hospitali, mwenye nyumba atakuja kumpa pole na mfuko wa machungwa, na mwezi ukiisha atadai kodi yake kamili. Siwezi kuwa na msimamo mmoja hapa Reading na mwingine nikiwa na wapangaji Tabata.

Kwa hiyo mlio wapangaji huko, ubovu ukiuona piga picha na tuma ujumbe, hata kama mwenye nyumba mnasali msikiti mmoja. Mwiteni kaka, mwiteni mzee wangu, ombeni kwa adabu zote, lakini iwe kwa maandishi na iwe na tarehe. Na mlio wenye nyumba, mkiletewa ujumbe wa namna hiyo msiusome kama ugomvi. Mtu amekuonyesha mahali nyumba yako itakapomuumiza mtu, bure, kabla haijamuumiza.

Kaka, kwa zile nyumba za mama: hela ya taa ya uani, mfuniko wa zege na bomba la ngazi nimeituma pamoja na ya mwezi huu. Mwambie fundi kibaraza akikwangue na kukipiga saruji ya kukwaruza, asiniletee tena picha za marumaru. Rangi ya geti isubiri. Mimi zamu yangu inaanza saa nne usiku, na nje kumeanza kuganda, naishia hapa.